Nani kasema kahawa hii imechacha?

Jamani wadau, leo mnivumilie, nina la moyoni. Kuna maneno yameenea hapa hosteli kwamba kahawa yangu ya Ethiopia, ile iliyokaushwa na tunda lake, imechacha. Wengine eti ni kahawa chafu, haijaoshwa. Mmoja akaniuliza kama nimetia juisi ya zabibu. Huyo angalau ameonja!

Tuelewane kwanza. Kahawa ya kuosha huondolewa ganda mapema, ikaoshwa utelezi wake, ndipo ikaanikwa. Hii nyingine huanikwa tunda zima, jekundu, juu ya vichanja kwa wiki kadhaa. Watu wanaigeuza kwa mikono mara kwa mara na usiku wanaifunika umande usiiguse. Punje inakaukia humo humo ndani ya utamu. Kule Harar, mashariki ya Ethiopia, ambako maji ni ya shida, ndivyo wanavyofanya tangu enzi za mababu. Huo uchafu uko wapi?

Najua dharau hii mnaitoa wapi. Huku kwetu kukausha na ganda mara nyingi ni kazi ya mabaki. Majirani zetu Wakenya wanaiita mbuni: matunda yaliyopitiliza, mabichi, yenye kasoro, yote yanaanikwa pamoja na kulipwa bei ya chini. Basi mtu akisikia "haikuoshwa" anawaza mbuni. Lakini hapo kosa ni la matunda na uzembe, si la njia. Ukirundika matunda chini bila kugeuza, yatachacha kweli, hilo sibishi.

Na kama ni kahawa ya hovyo, mbona wakubwa waliigombania jina? Mwaka 2004 Starbucks waliomba kusajili Marekani jina lenye neno Sidamo ndani yake, tena la kahawa iliyokaushwa juani. Ethiopia ilipopeleka maombi yake mwaka 2005 kwa majina ya Harar, Sidamo na Yirgacheffe, chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko huko Marekani kikapinga. Starbucks waliondoa ombi lao 2006, na makubaliano na Ethiopia yakafikiwa 2007. Yaani jina la mahali mkulima anapoishi, aombe ruhusa ng'ambo! Halafu msomi wa mwaka wa pili anakunja pua.

Jamaa ninayenunua kwake hapa mjini ana mashine ndogo, anakaanga kidogo kidogo na kuitoa ingali kahawia. Angeiacha iwe nyeusi kama mkaa, harufu yote ya matunda ingekwenda, ukabaki uchungu. Nyie wa "kahawa bila uchungu si kahawa", poleni. Kahawa ya mtaani na kashata naipenda sana, hasa jioni penye bao, ila kuungua si sifa.

Lingine: "mwalimu mtarajiwa unakunywa vitu ghali". Pakiti ya gramu 250, mimi natumia gramu 15 kwa kikombe. Inatoka vikombe 16. Pigeni hesabu na soda zenu za kila siku, halafu mnijibu.

Wabishi wote, kesho baada ya kipindi cha saa kumi njooni na vikombe vyenu. Sukari sitoi.