Kabla Hujabadilisha Filta ya Hewa ya Pikapu Yako, Nisikilize Kidogo

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na mada ya palizi. Tutarudi huko. Leo nataka tuzungumzie filta ya hewa ya pikapu ya dizeli, na najua mtaniuliza: bwana shamba na mambo ya gari, wapi na wapi?

Jibu ni kwamba kwa mkulima wa biashara pikapu ni zana ya shamba, kama ilivyo pampu ya maji au bomba la dawa. Tena huku kwetu kazi yake kubwa inaangukia kiangazi. Ufuta tunavuna Juni na Julai, korosho zinaanza kuanguka kuelekea Oktoba, na mpunga wa bondeni unatoka maji ya Rufiji yakishashuka. Miezi hiyohiyo ndiyo barabara zetu zinageuka unga. Yaani gari linafanya kazi nyingi zaidi wakati hewa ni chafu zaidi.

Sasa kuna mtindo umeingia kwa vijana. Unanunua pikapu iliyotumika, Hilux ya zamani au Land Cruiser, na kitu cha kwanza unachofanya ni kung'oa boksi la filta la kiwandani na kuweka ile filta ya wazi yenye umbo la koni, ya kitambaa kilichopakwa mafuta. Unaambiwa inavuta hewa nyingi, gari linakuwa jepesi, inakula mafuta kidogo, na unaiosha tu maisha yote. Msimamo wangu nausema mapema: kwa barabara zetu za vumbi, hayo siyo maboresho. Ni kupunguza ulinzi wa injini na kulipia hela juu yake.

Na sisemi hivi kwa kusikia. Niliweka mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa sita. Nilikuwa na Hilux yenye injini ya 5L, dizeli isiyo na tabo, ambayo tulikuwa tunaitumia mimi na vijana wawili wa Mahege kubebea ufuta na baadaye korosho. Nikapita duka moja la spea, muuzaji akanionyesha hiyo filta, akaniambia "boksi lako hilo linaibana injini, bosi." Nikakubali. Boksi la zamani nikamwachia fundi, sikuona kazi yake tena. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Gari lilikuwa linanguruma kwa sauti nzito, na sauti ile ilinidanganya nikadhani ni nguvu.

Mwezi wa tisa gari likaanza kusumbua kuwaka asubuhi. Oili ikawa inapungua, naongeza, inapungua tena. Moshi ukawa wa bluu. Nikifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, mvuke unatoka kama jiko la mkaa. Tulipofika Oktoba, korosho zimeanza kukusanywa, gari likagoma kabisa. Fundi akafungua injini. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa silinda, akanishika mkono na mimi nipitishe. Palikuwa na mikwaruzo ya kusimama, unaisikia kwa ukucha.

"Bwana shamba," akaniambia, "hii haijafa kwa uzee. Imekula mchanga."

Tukakagua pamoja. Filta ilikuwa imefungwa kwa klipu moja, na pale ilipoungana na bomba palikuwa na uwazi upande wa chini. Ndani ya bomba, baada ya filta, mahali ambapo hewa inatakiwa iwe safi, palikuwa na vumbi jekundu la njia ya Bungu kwenda Nyamisati. Kwa hiyo siwezi kusema kosa lote ni la kitambaa kile. Ila uwazi ule nisingekuwa nao kama nisingeng'oa boksi lililotengenezwa kuziba.

Kuitengeneza injini ile kulimeza faida yangu yote ya ufuta. Hiyo hainiumi sana. Kilichoniuma ni kwamba mmoja wa wale vijana wa Mahege alikuwa ameshanunua pikapu yake, na akaweka filta kama yangu. Hakuniuliza. Aliona bwana shamba ameweka, akajua ni kitu kizuri. Nilimpigia simu siku ileile. Yeye aliwahi kuitoa kabla injini haijafika pabaya, lakini boksi lake alikuwa ameshaliuza kama chuma chakavu, na ilituchukua karibu wiki tatu kupata lingine kwa wauza spea za mitumba. Wiki hizo tatu gari lilikaa chini ya mwembe, na korosho zake akazipeleka ghalani kwa kukodi. Tangu hapo nimejua kwamba ninachofanya barabarani ni ushauri pia, hata kama sijafungua mdomo.

Sasa tuelewane kwa nini vumbi linaua. Injini ya 5L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, tuseme lita 3. Kila silinda inavuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Ukitembea kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, injini inavuta lita 3,000 za hewa na zaidi kila dakika. Ni sawa na ndoo 150 za lita 20, kila dakika, na zote zinapita kwenye filta. Ndani ya vumbi letu kuna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Na zile mbaya siyo zile unazoziona. Ni zile ndogo kuliko unene wa unywele, zinazoingia katikati ya ringi na silinda zikafanya kazi ya msasa. Dizeli inawaka kwa mgandamizo wa hewa peke yake, haina plagi za cheche. Ringi zikilika, mgandamizo unapungua, ndiyo maana dalili ya kwanza ni kusumbua kuwaka asubuhi.

Hapo ndipo hesabu ya filta inapokuja. Tuseme filta moja inazuia vumbi kwa asilimia 99, na nyingine asilimia 97. Ukisikia hivyo unaona zinalingana. Lakini wewe usiangalie kilichozuiwa, angalia kilichopita. Ya kwanza imepitisha 1, ya pili imepitisha 3. Injini yako imekula vumbi mara tatu zaidi. Kitambaa kinachoachia hewa nyingi kipite kirahisi mara nyingi kinaachia na vumbi. Karatasi nzuri iliyokunjwakunjwa inashinda hapo.

Na ile hewa nyingi je? Dizeli za zamani zisizo na tabo nguvu yake inapangwa na mafuta yanayopigwa na pampu. Kama filta yako ya karatasi ni safi, injini inapata hewa ya kutosha. Hewa ya ziada bila kugusa pampu haikupi nguvu ya maana. Tena koni ile ya wazi inakaa chini ya boneti, inavuta hewa ya moto kutoka pembeni ya injini, na hewa ya moto ni nyepesi. Umelipa hela upate hewa zaidi, ukapata pungufu. Kwa hizi Hilux mpya za kompyuta kuna hatari nyingine: ukipaka mafuta mengi kwenye kitambaa baada ya kuosha, yanaweza kuvutwa hadi kwenye kihisi cha hewa, gari likaanza kupoteza nguvu na taa kuwaka.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema filta nzuri ya karatasi huipati kirahisi Kibiti, mpaka uagize Dar es Salaam, na feki zimejaa. Ya kuosha unanunua mara moja. Ni kweli. Na kama gari lako linashinda kwenye lami kati ya Ikwiriri na Dar, shambani unaingia mara chache, sitagombana na wewe sana, mradi imefungwa vizuri ndani ya boksi. Lakini wewe unayeingia Mchukwi, Mtawanya au kwenye mabonde ya delta kila siku, agiza filta mbili za karatasi kabla ya msimu, moja weka akiba nyuma ya kiti. Gharama ya filta mbili huwezi kuilinganisha na gharama ya kufungua injini.

Kwa hiyo maboresho ya kweli kwa mazingira yetu ni yapi? Mimi nayapanga hivi.

Kwanza, ziba. Kagua boksi, klipu zake zote, na hozi inayotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Hozi za mpira zinapasuka kwenye mikunjo, na ufa hauonekani mpaka uikunjue kwa mkono. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa utajenga injini. Kipimo chake ni rahisi: fungua hozi baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja.

Pili, inua mahali pa kuvutia hewa. Ile snokeli, bomba linalopanda pembeni ya kioo, wengi wanaiweka kwa ajili ya maji. Kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu, mbali na vumbi la matairi ya gari lililo mbele yako. Na kwa maji nako tusidanganyane. Baada ya mafuriko ya 2024 nimeona vijana wanaamini snokeli ni ruhusa ya kuvuka popote. Kama maungio yake hayajazibwa, maji yanaingia chini kama kawaida, na maji hayagandamiziki. Pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, koni rodi inapinda hapohapo.

Tatu, punguza vumbi kabla halijafika kwenye filta. Angalieni matrekta, mengi yana kichwa juu ya bomba kinachozungusha hewa mpaka chembe nzito zinatupwa pembeni. Wenye matrekta wanalijua tatizo hili zamani sana. Frank Donaldson, Mmarekani aliyekuwa akiuza matrekta, alianza kutengeneza vichuja hewa mwaka 1915 kwa sababu vumbi lilikuwa linaua injini za wateja wake. Kichwa cha aina hiyo unaweza kukiweka juu ya snokeli. Na kama boksi lako lina kile kipira cha chini kinachotema vumbi, usikubali fundi akitoe. Kiminye kwa vidole kila jioni, vumbi litoke.

Nne, acha kupuliza filta ovyo. Hapa wengi tunakosea kwa nia njema. Filta ya karatasi ikishika vumbi kidogo inachuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya, kwa sababu vumbi lenyewe linaziba vitundu vikubwa. Ukiipuliza kila siku kwa kompresa ya kujazia matairi unaitoboa. Ukilazimika kuipuliza, tumia upepo mdogo, usizidi bar 2, kutoka ndani kwenda nje, na usiisogeze pua ya bomba karibu. Kisha weka tochi ndani yake gizani. Ukiona nukta ya mwanga imepenya, tupa. Usiigonge kwenye tairi, usiioshe kwa petroli. Kuna vigeji vidogo vya kufunga kwenye bomba ambavyo vinaonyesha alama nyekundu filta ikijaa. Ukikipata, hicho ndicho kiboreshaji cha bei ndogo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinakuzuia kufungua boksi bila sababu.

Na la mwisho, andika. Daftari lile la mbegu na dawa liwe na ukurasa wa gari: kilomita, tarehe ya filta, oili uliyoongeza. Mimi ningekuwa nimeandika oili niliyoongeza Agosti, ningeshtuka kabla ya Oktoba.

Msimu unakuja. Jioni ya leo ukishapaki, kabla hujaingia kula, fungua boneti. Shika kitambaa cheupe, fungua ile hozi, pitisha. Kikitoka cheupe, lala salama. Kikitoka chekundu, gari lisiende shambani kesho mpaka umejua vumbi limepitia wapi. Na kama boksi la kiwandani umelitoa na bado lipo nyumbani, lirudishe kabla hujalikumbuka kama nilivyolikumbuka mimi.

Tukutane shambani.