Duka Kuukuu la Fordsburg si Kifusi

Enyi jamaa, wazao wa wahajiri,

Wapo wanaodai kwamba maduka ya kale ya Fordsburg, ambamo familia iliishi juu au nyuma ya biashara yake, hayana thamani ila viwanja vyake. Kauli hiyo naikataa.

Watazame Pageview, mtaa jirani uitwao pia Fietas. Barabara ya 14 ilikuwa soko mashuhuri la wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 mtaa ukatengwa kwa Wazungu. Katika miaka ya 1970 wenye maduka wakahamishiwa Oriental Plaza, hapo Fordsburg, na matingatinga yakabomoa walichokiacha. (Sheria hiyohiyo iliwang'oa Wazanzibari wa Durban kutoka King's Rest hadi Chatsworth.) Leo Makumbusho ya Fietas yamo katika mojawapo ya majengo machache yaliyonusurika.

Sasa tingatinga halitumwi na serikali. Mrithi mwenyewe huliita! Sheria ya Rasilimali za Urithi ya 1999, kifungu cha 34, inakataza kubomoa jengo lililopita miaka 60 bila kibali. Lakini kibali huombwa, na mwombaji ni nani kama si sisi?

Mtasema kodi za manispaa ni nzito. Naam, nzito. Simlaumu auzaye, na auze duka likiwa duka. Nimetunza makabrasha maisha yangu yote ya kazi, wala sijaona leseni ya biashara iwezayo kumwonyesha mjukuu ni hatua ngapi kutoka kaunta hadi kitanda cha babu yake.