Nunua maski, mtungi utaukuta huko

BAHARI NA WATU WAKE
Na Fakih Makame

Karatasi aliyoniletea kijana wa jirani Jumapili ilikuwa imekunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vitu tisa: maski, mapezi, viatu vya mpira, suti, regulata, koti la hewa, mtungi, mkanda wa risasi na kompyuta ya kuzamia. Kila kimoja kilikuwa na bei pembeni.

“Shikamoo ami. Duka limeniambia nikichukua vyote kwa pamoja watanipunguzia. Wewe unaonaje?”

Kijana huyu amebeba mitungi Nungwi kwa miaka mitano, kutoka garini hadi botini, asubuhi na jioni. Mara alizovaa mtungi mgongoni mwake mwenyewe zinahesabika kwa vidole. Sasa ukoo umemchangia. Dada zake wanaolima mwani wametoa, ami yake aliyeko Muscat ametoa, na Januari anakwenda Dahab, Misri, kwenye Ghuba ya Aqaba. Huko mtu huingia baharini kwa miguu kutoka ufukweni bila kukodi boti, na hiyo ni sababu moja ya mafunzo kuwa nafuu. Anataka kuanza ngazi ya kwanza na arudi akiwa na cheti cha kuongoza wageni.

Nilichukua kalamu nikakata vitu sita.

Mtungi ulikuwa wa kwanza. Ule wa alumini unaotumika sana duniani, wa lita 11, una uzito wa kilo 14 hivi ukiwa mtupu, na tiketi nyingi za bei ya chini huruhusu begi la kilo 23. Hata ukikubaliwa kuubeba, utatakiwa uwe umefunguliwa na hauna hewa ndani. Utaufikisha Dahab ukakute mitungi kama huo imepangwa ukutani, imejazwa, inakungoja. Risasi nazo ni risasi popote uendapo, na huwezi kujua utahitaji kiasi gani kabla ya kuingia majini. Bahari ya Sham ina chumvi nyingi kuliko yetu, takriban gramu 40 kwa lita dhidi ya 35 za huku, na mwili huelea zaidi. Koti la hewa atalikuta chuoni.

Suti ilitugombanisha kidogo. Alitaka ya milimita 3, kwa sababu ndiyo wanayovaa wageni wa Nungwi, na kwa maji yetu ya nyuzi 25 hadi 29 inatosha. Lakini Dahab wakati wa Januari maji hushuka hadi nyuzi 21 au 22, na upepo wa jangwani unakupokea ukitoka. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Atahitaji milimita 5 au hata 7, suti ambayo akirudi nayo nyumbani haitamfaa. Akodi. Viatu vya mpira vinavyoendana na suti hiyo akodi pia.

Kwenye regulata nilikaa muda mrefu. Regulata ndiyo inayopokea hewa ya mtungi, yenye mgandamizo wa bar 200, ikaishusha hadi kiwango ambacho pafu la binadamu linaweza kuivuta mahali lilipo. Mwaka wangu wa pili wa kuzamia nilinunua moja kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa safi, inang’aa, na bei ilikuwa nusu ya nusu. Sikuuliza imefanyiwa matengenezo lini. Nikiwa mita 14 ilifunguka yenyewe, hewa ikamwagika mdomoni kama bomba lililopasuka, na sindano ya geji ikawa inashuka huku naitazama. Regulata nyingi zimetengenezwa hivyo, zikiharibika zinamwaga hewa badala ya kuifunga. Hata hivyo, mtungi mzima unaweza kuisha kwa dakika chache. Mwenzangu alinipa mdomo wake wa akiba, tukapanda pamoja polepole. Bila yeye nisingekuwa naandika safu hii.

Kwa hiyo regulata isubiri. Ikifika siku ya kuinunua, ainunue ikiwa na karatasi ya fundi, na achague ile ya skrubu, inayoitwa DIN, pamoja na adapta yake. Kwa adapta hiyo itaingia kwenye mitungi ya skrubu na ile ya kubana pia.

Vikabaki vitatu. Maski ni ya kwanza, kwa sababu hakuna sura mbili zinazofanana na maski ya kukodi ilitengenezwa bila kumfikiria yeye. Bei haisemi chochote hapa. Aiweke usoni bila kamba, aondoe nywele pembeni, avute pumzi kidogo kwa pua, kisha aachie mikono na ainamishe kichwa. Ikibaki usoni, ni yake. Ikidondoka, airudishe rafuni hata kama ni nzuri kuliko zote. Kioo kiwe kigumu, kilichopikwa kwa moto. Pua lazima iwe ndani ya maski na iweze kubanwa kwa vidole, maana kwenye mita 10 tu mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na asipoweza kupuliza masikio hatashuka. Maski mpya huja na utando wa kiwandani, aisugue ndani kwa dawa ya meno kabla ya safari.

Mapezi ni ya pili. Achague yale ya kamba, ya saizi inayoingia na kiatu cha mpira, wala si ya mguu mtupu.

Ya tatu ni kompyuta ya mkononi, na hapa sikubali ubishi. Kompyuta hukumbuka. Naitrojeni aliyoivuta asubuhi inahesabiwa kwenye mbizi ya mchana, lakini ni kwa mtu mmoja anayevaa kompyuta moja. Ukiazima ya mwenzio mchana, inakupangia muda wa mwili wa mtu mwingine. Mwambao huu una wanaume waliopooza miguu baada ya kuzamia majongoo bahari kwa mitungi, bila mafunzo na bila chochote cha kuwaambia wamekaa chini kiasi gani.

Fedha iliyobaki ni ya mbizi. Kwa utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, anayetaka ngazi ya kuongoza wageni lazima awe na mbizi 40 ndipo aanze, na 60 ndipo apewe cheti. Mbizi hizo zina gharama, na duka la vifaa halikumwambia hilo. Kabla ya kulipa chochote aandikie chuo, aulize ada inajumuisha vifaa gani, na jibu alihifadhi.

Ombi langu ni kwenu wenye vituo vya kuzamia Nungwi, Paje, Pemba na Mafia. Kijana anayewabebea mitungi akiaga anakwenda kusoma, mfungulieni stoo kwa saa moja. Ajaribu maski zote zilizomo, aandike aina iliyomkaa, ndipo aende dukani.