Barua Si Sahihi Tu

Jamani, kuna watu hununua barua kwa sababu ya jina lililo chini. Yaliyoandikwa juu, shauri yake.

Chukueni familia ya Lafayette ya Ufaransa. Mwaka 1824 mzee Lafayette alirudi Marekani, nchi aliyoipigania ujanani, akazunguka majimbo yote 24 ya wakati ule pamoja na mwanawe, Georges Washington. Barua kati yake na Wamarekani zilivuka bahari miaka na miaka.

Sasa, barua hukaa kwa aliyeandikiwa. Kwa hiyo mazungumzo yale yaligawanyika tangu mwanzo, nusu huku, nusu kule. Halafu wakaja wakusanyaji. Karne ile ya 19 wengine walikata sahihi kwa mkasi wakazibandika kwenye albamu!

Sipingi kukusanya. Bila wakusanyaji, nyingi zingewashia moto jikoni. Chuo Kikuu cha Cornell kina hazina kubwa ya Lafayette, na msomaji anaruhusiwa kuiona. Ninayempinga ni yule anayenunua barua moja na kuifungia kabatini.

Kwani kuna hasara gani? Lafayette alipinga utumwa. Rafiki yake Jefferson alimiliki watumwa. Kujua nani alimwambia nini mwenzake, lazima usome barua na jibu lake.

Basi mkusanyaji abaki na karatasi yake, ila atoe nakala, mbele na nyuma. Enzi zile karatasi ilikunjwa ikawa bahasha yenyewe, hivyo hata anwani ni ushahidi.