Shindano la Huduma, au Biashara ya Sura za Maskini?



Fomu za mashindano ya namna hii mnazifahamu. Mwanafunzi anayesomea mawasiliano chuoni anaombwa aeleze kazi aliyoifanyia jamii bila malipo. Ataje saa alizotumia, ahesabu watu waliofaidika, aambatanishe picha na video ya dakika mbili. Atakayewashinda wenzake atalipiwa minervali ya mwaka mzima. Jambo hilo husifiwa sana, na baadhi yetu tumewahimiza vijana wakimbilie nafasi hizo. Mimi nasema kwamba, jinsi lilivyopangwa, shindano hilo lina madhara, na ya kwanza huwaangukia watu wale wale linaodai kuwahudumia.

Sisemi dhidi ya msaada wa masomo. Anayemcheka kijana anayehangaikia minervali haujui mji wa Kolwezi, ambamo wapo wanaoshuka shimoni wakati wa likizo ili wapate kurudi darasani. Tena ipo misaada isiyomdhalilisha mtu. Programu ya Excellentia, ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, huwachagua vijana kwa matokeo ya Mtihani wa Serikali. Mnaweza kubishana kama huo ndio mzani bora. Lakini katika mtihani hakuna maskini anayetumiwa kama kielelezo. Katika shindano la huduma yumo, naye ndiye anayebeba alama.

Kila anayewaandaa walimu hulijua jambo moja: mwanafunzi hajifunzi tunachohubiri, hujifunza tunachopima. Ukipima picha, utapata picha. Anayetafuta alama atakwenda Kasulo, au pale kina mama wanapooshea madini, Jumamosi asubuhi, akiwa na katoni mbili za sabuni na fulana zenye maandishi. Atamchagua mtoto mwenye matope kuliko wenzake wote, kwa maana mtoto aliyeoga haoneshi taabu kwenye skrini. Kabla ya saa sita atakuwa amerudi nyumbani. Mtoto hakuulizwa, mama yake hakuulizwa, na hakuna hata mmoja kati yao atakayeambiwa sura ile ilifika wapi wala ilileta dola ngapi.

Mtu atanijibu kwamba ni picha zilizoifanya dunia iijue kobalti yetu. Ni kweli kwa sehemu. Januari 2016 Amnesty International pamoja na Afrewatch, shirika la hapa kwetu Kongo, walitoa ripoti juu ya watoto na watu wazima wanaochimba kobalti kwa mikono. Desemba 2019 kesi ilifunguliwa Washington dhidi ya Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikathibitisha kuwa imetupiliwa mbali. Lakini angalieni tofauti. Ripoti ile ilifuata njia ya mawe kutoka shimoni hadi kwenye betri, ikataja makampuni kwa majina, ikayataka yajibu. Picha zake zilikuwa ushahidi. Picha ya shindano haimshtaki mtu yeyote; kazi yake ni kumsifu aliyeipiga.

Wazee wenu wanaikumbuka salongo, kazi ya pamoja ya lazima wakati wa Mobutu. Watu walipewa majembe kwa amri, na wengi wakajifunza kujificha kuliko kulima. (Ajabu ni kwamba neno lenyewe limedumu kuliko utawala ulioleta amri ile, na leo linatumika hata kwa kufagia ua.) Basi tulitoka katika huduma ya kulazimishwa, na sasa tunawaingiza watoto wetu katika huduma ya kununuliwa. Katika zote mbili anayehudumiwa hana neno. Onyo la Yezu katika sura ya 6 ya Mwinjili Matayo, juu ya sadaka inayotangazwa, mnalijua. Sina haja ya kulirudia.

Kinachonikera zaidi ni hiki: wanafunzi hawa ndio hasa tunaowahitaji, nasi tunawatuma wakagawe sabuni. Sabuni yeyote anaweza kuigawa. Je, mtu wa mawasiliano ana kitu gani ambacho mwingine hana? Amefundishwa kulichukua neno gumu na kulifikisha kwa mtu likiwa zima.

Chukueni Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Inaidai kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji. Kampuni ikiuza madini ya dola bilioni 1, hiyo ni dola milioni 3. Inaitaka pia iandikiane na wenyeji hati ya ahadi, ile tunayoiita kwa Kifaransa cahier des charges, inayoonesha kama ni shule, zahanati au kisima. Zaidi ya hayo, katika ushuru wa serikali juu ya madini yanayouzwa, ambao kwa kobalti ni asilimia 10, fungu la asilimia 15 ni la wilaya ya mji, sekta au milki ya kichifu ambamo mgodi umo. Manika na Dilala ni miongoni mwa wilaya za aina hiyo. Sasa simameni sokoni mwulize watu kumi kama wamewahi kuyasikia hayo kwa Kiswahili. Hati zimeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Radio Okapi inasema nasi kwa Kiswahili tangu 2002, lakini haiwezi kuusomea kila mtaa hati yake.

Hapo ndipo penye huduma. Mwanafunzi aiombe hati ya ahadi ya mtaa wake, aifasiri kwa Kiswahili kinachosikika Kapata na Luilu, aisome katika mkutano wa mtaa, kisha aende kuangalia kama kisima kilichoandikwa kimechimbwa. Kazi hiyo haina picha nzuri: watu wameketi kwenye mabenchi, mmoja anasoma, mwingine anauliza swali refu. Huenda ikamletea aliyeifanya chuki ya mkubwa fulani. Katika fomu ya shindano itapata alama chache, kwa sababu haioneshi machozi.

Wapo wanaosema kwamba bila zawadi vijana hawatahudumu. Hao hawajawatazama Waxaveri wetu, wala vijana wa jumuiya wanaochota maji na kupanga viti kwenye matanga usiku kucha, bila fomu wala fulana. Zawadi haikuizaa huduma. Imeikuta tayari, ikaiwekea bei.

Kwa wenye mashindano ninaomba mambo mawili. Mkitaka kuwapa wanafunzi fedha za masomo, wapeni, ila ondoeni picha ya anayesaidiwa katika masharti. Na katika meza ya waamuzi wekeni watu watatu wa mtaa ule uliohudumiwa, wasiojuana na mshindani, muwaulize kwa lugha yao: mlijua nini baada yake ambacho hamkukijua kabla? Nanyi vijana, fomu nyingine ikifika parokiani, tafuteni kwanza ukurasa unaotaja waamuzi, kisha mwulize katibu wa shindano kama kuna mtu wa Kasulo kati yao.