Kadena inayozuia mwizi inazuia pia anayekuja kukuokoa

Watoto watatu walikuwa ndani, na kadena ilikuwa nje.

Picha hiyo haijatoka kichwani mwangu tangu siku ile, kwetu Kadutu, mjini Bukavu. Ilikuwa saa nne za asubuhi. Moshi ulianza kutoka chini ya manjanja ya nyumba moja ya matofali, yenye mlango wa chuma na antivoli kwenye kila dirisha. Mama wa nyumba alikuwa amekwenda sokoni kuuza. Kama wamama wengi wa mji wetu, alikuwa amewafungia watoto ndani ili wasizurure barabarani, na ufunguo alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Majirani walikuja mbio.

"Funguo iko wapi?"

"Iko na mama yao, ku soko!"

Kijana mmoja akapiga kadena kwa jiwe, mara kumi, mara ishirini. Kadena haikufunguka. Wengine wakavuta vyuma vya dirisha kwa mikono mpaka damu ikatoka. Tuliona vidole vya mtoto kwenye dirisha, kisha hatukuviona tena.

Aliyewaokoa watoto wale ni mzee mmoja, fundi wa kujenga, aliyekuwa na kazi kwenye parsele ya karibu. Alileta baramini. Kadena hakuigusa. Alitia ncha ya baramini kati ya fremu ya mlango na ukuta, pale saruji ilipokuwa dhaifu, akasukuma pamoja na vijana wanne. Fremu nzima iling'oka pamoja na mlango wake, kadena ikiwa bado imefungwa vizuri. Watoto walitoka wakiwa hai. Mdogo wao alilazwa hospitali siku kadhaa kwa sababu ya moshi.

Tulimshukuru Mungu, tukamshukuru na mzee, kila mtu akarudi kwake. Na usiku ule ule sisi wote tulifunga milango yetu kama kawaida: kadena mbili, ufunguo chini ya mto, vyuma kwenye kila dirisha. Hakuna aliyebadilisha kitu. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Tunafunga kwa sababu tunaogopa

Sitaki mtu aseme kwamba nawacheka wanaojifungia. Nami najifungia. Mtu wa Bukavu, wa Goma, wa Uvira au wa Bunia anajua maana ya kusikia hatua za watu uani saa nane za usiku. Watu wenye silaha wameingia katika nyumba nyingi, wameiba, wameua. Ndiyo maana mtu akipata pesa kidogo, kabla ya kupaka rangi anaweka mlango wa chuma. Kabla ya kununua viti anaita fundi wa vyuma aje kupima madirisha. Kisha ukuta mrefu, na juu ya ukuta vipande vya chupa.

Vyuma hivyo vimeokoa watu, siwezi kukataa. Lakini chuma hakina macho. Hakiwezi kutofautisha mwizi na jirani anayekuja na bido ya maji. Na nyumba zetu zina kila kitu kinachotafuta moto: nyaya za umeme zilizofungwa ovyo, mbabula inayobaki na makala ya moto, mshumaa usiku umeme unapokatika, bido ya mafuta nyuma ya mlango. Mwizi anaweza kuja au asije. Moto, katika mji wa nyumba zilizobanana kama wetu, unakuja kila mwaka.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Katika nyumba za mbao za Nyamugo, moto ukitokea unaruka haraka kutoka nyumba hadi nyumba, lakini watu wanavunja ubao mmoja na kumtoa mtu. Nyumba ya matofali na vyuma, ile tunayoitamani, haishiki moto haraka hivyo. Lakini moshi ukijaa ndani, aliyefungiwa hana njia. Godoro la sponji likiungua linatoa moshi wenye sumu, na moshi huo unaweza kumuangusha mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Hapo mtu anahesabu dakika chache tu.

Wenye kazi hiyo wanafungua namna gani?

Katika inchi zenye kikosi cha zimamoto kilichofundishwa, kufungua jengo lililofungwa ni somo kamili. Neno la kwanza wanalofundishwa ni rahisi: jaribu kitasa kwanza. Mara nyingine mlango unaopigwa mateke haukuwa umefungwa. Kisha wanagusa mlango kwa mgongo wa mkono. Kama ni wa moto sana, moto uko nyuma yake. Na hata wakiweza kufungua, hawaufungui wazi ovyo kabla ya maji kuwa tayari, kwa sababu hewa mpya inayoingia inaulisha moto, na chumba kinaweza kulipuka usoni mwa aliyefungua.

Chombo chao kikubwa ni nondo moja ya chuma, yenye uma upande mmoja, na upande wa pili ubapa na ncha kali. Aliibuni Hugh Halligan, mmoja wa wakubwa wa zimamoto mjini New York, mwaka 1948, na mpaka leo nondo hiyo inabeba jina lake duniani kote. Mmoja anashika nondo, mwingine anapiga kwa shoka. Wanaiingiza kati ya mlango na fremu, wanapanua nafasi, kisha wanasukuma kwa uzito wa mwili. Ni kazi ile ile aliyoifanya mzee wetu wa Kadutu bila kusoma popote: usipigane na kufuli, tafuta palipo dhaifu. Kwa kadena wana mkasi mkubwa wa kukata chuma. Kwa vyuma vya dirisha wana mashini ya msumeno wa duara.

Lakini wenzetu hao waligundua pia kwamba dawa nzuri kuliko nondo ni kupanga mapema. Marekani, kwenye majengo mengi ya biashara, utaona kisanduku kidogo cha chuma ukutani karibu na mlango. Ndani mna funguo za jengo, na wazima moto peke yao ndio wenye ufunguo wa kisanduku hicho. Wakifika, hawavunji kitu. Na katika miji mingi ya kule, sheria inasema vyuma vya dirisha la chumba cha kulala lazima viweze kufunguka kutoka ndani, bila ufunguo wala chombo.

Sheria za namna hiyo zilitoka kwenye makaburi. Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle huko New York kiliungua, wakafa watu 146, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Karibu nasi, Kenya, usiku wa Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni la shule ya Kyanguli: mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Nasi hapa hatuhitaji kwenda mbali. Goma haijasahau gereza la Munzenze, Januari 2025, ambako wanawake wengi pamoja na watoto wao waliungua katika sehemu yao ya gereza.

Kwetu, mwokozi wa kwanza ni jirani

Sasa mtu ataniambia: sisi tuko na wazima moto gani? Ni swali la haki. Magari ya zimamoto katika miji yetu ni ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hata yale yaliyopo hayawezi kupita katika njia za Kadutu, ambako watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu ili mwenzake apite. Gari likifika, mara nyingi linakuta majivu na watu wanaolia.

Ndiyo maana nasema tusinakili vitu vya New York. Tuangalie ni nani anayefika wa kwanza kwetu. Ni jirani. Ni vijana wa avenyu. Ni mama anayeuza makala pembeni. Hao ndio zimamoto wetu, na hatujawapa ufunguo, wala chombo, wala mafundisho. Tumewaachia jiwe la kupigia kadena.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja msaada kutoka ngambo.

La kwanza: tuache kuwafungia watoto kwa kadena ya nje. Najua mama wa soko hana mtu wa kumlipa awaangalie watoto. Simhukumu. Lakini kama hakuna njia nyingine, ufunguo wa pili ubaki kwa jirani anayeshinda nyumbani, na jirani ajue watoto wangapi wako ndani na wanalala chumba gani. Utasema jirani anaweza kuiba. Basi tafuta jirani wa pili. Katika avenyu nzima, mtu asiyekuwa na hata jirani mmoja wa kumwachia ufunguo ana shida kubwa kuliko ya mwizi.

La pili: katika kila nyumba, dirisha moja la chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kutoka ndani. Fundi wa vyuma anayechomelea antivoli nzima anaweza kuweka bawaba mbili upande mmoja na komeo upande wa pili, mbali na mkono wa mtu aliye nje. Mwizi hataona tofauti. Mtoto wa miaka saba anaweza kufundishwa kulifungua katika siku moja. Na ufunguo wa mlango mkubwa usiku uwe na mahali pake pamoja, panapojulikana na wote wa nyumba, hata gizani.

La tatu: kila avenyu iwe na vyombo vyake. Baramini moja, nyundo nzito, shoka, mkasi wa kukata chuma, ngazi. Vikae kwa mkubwa wa avenyu au kwa mtu ambaye mlango wake unafunguliwa usiku na mchana, na wakaaji wajue. Tumeweza kuchanga franga kwa matanga na kwa arusi. Mchango wa baramini hautatushinda. Kama "nyumba kumi" iliweza kutumika kujua mgeni aliyelala kwa fulani, inaweza kutumika pia kujua ufunguo wa fulani uko wapi.

La nne ni la viongozi wa mji, wa jana na wa leo. Mnapotoa ruhusa ya kujenga shule, hoteli, kanisa, nyumba ya wagonjwa au bweni, mnapokea kodi na kupiga muhuri. Kabla ya muhuri, mtu aende kuangalia milango: iko mingapi, inafungukia wapi, nani ana ufunguo usiku. Shule yenye bweni na mlango mmoja isifunguliwe. Zamu anayelinda usiku asiende kunywa akiwa na funguo za watu mia mbili mfukoni. Na njia za watu kupita zisiuzwe kuwa viwanja, kwa sababu pale panapouzwa ndipo gari la maji lingepita.

Kuna watakaosema kwamba vyuma vinavyofunguka vitawapa wezi nafasi, na kwamba wakati wa moto wezi huja wakijifanya waokoaji. Ni kweli, wamo wanaobeba redio na magodoro ya watu badala ya kubeba maji. Lakini hilo linaonyesha kwamba avenyu haikujipanga. Pale vijana wanapojulikana kwa majina, mmoja anashika baramini, wengine wanaleta maji, na wawili wanasimama kulinda vitu vinavyotolewa. Vurugu inampa mwizi nafasi kuliko dirisha.

Mzee yule wa baramini nilimkuta tena baada ya wiki mbili. Nikamuuliza alijuaje kwamba fremu itang'oka. Akacheka: "Mimi ndiye niliyejenga ile nyumba. Nilijua upande ule saruji haikutosha."

Watoto watatu wako hai kwa sababu saruji haikutosha. Siku nyingine fundi atakuwa amejenga vizuri. Leo jioni, kabla ya kufunga, simama katikati ya chumba unacholalia, zima taa, kisha ujiulize: kama moto uko mlangoni, nitatokea wapi? Na aliye nje, ataingilia wapi? Kama huna jibu, kesho asubuhi mwite fundi wa vyuma, na jioni ugonge kwa jirani.