Kwa nini theluji ya Aprili huwaua hata wanaoifahamu

Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023, maporomoko ya theluji yaliua watu sita katika eneo la Armancette, karibu na Mlima Mont Blanc nchini Ufaransa. Wawili kati yao walikuwa waongozaji wa milimani, watu waliosomea kazi hiyo kwa miaka na kuitegemea kwa riziki yao. Asubuhi ile haikuwa imetolewa tahadhari maalumu.

Miaka mitano kabla yake, mwishoni mwa Aprili 2018, watu 14 walipotea katika dhoruba karibu na mlima Pigne d'Arolla, Uswisi. Walilala nje kwenye baridi na upepo usiku kucha. Saba walikufa, akiwemo mwongozaji wao. Nyumba ya kulala wapandaji waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa umbali wa mita 500 hivi kutoka pale walipokwama.

Habari kama hizi zinaposomwa hewani, swali linalofuata huwa lilelile: Aprili si majira ya baridi yameshakwisha huko Ulaya? Mbona watu wanakufa kwa theluji wakati maua yanachanua?

Ni swali zuri, na jibu lake linahusu mambo ambayo wasikilizaji wetu wengi wanayajua kwa njia nyingine: usiku wa mawingu na usiku usio na mawingu, jua la asubuhi na jua la mchana, na haraka ya mtu mwenye safari iliyokwisha kulipiwa.

Tuanze na majira yenyewe. Ulaya huwa na majira ya machipuko kuanzia Machi hadi Mei. Mabondeni nyasi huota na ng'ombe hutolewa mazizini. Lakini ukipanda hadi mita 3,000 na zaidi, theluji iliyoanguka tangu Novemba bado ipo, na mara nyingi ni Aprili au Mei ndipo inapokuwa nene kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwa hiyo wapandaji huyapenda majira haya. Siku ni ndefu, baridi imepungua, na nyufa kubwa zilizo kwenye mito ya barafu, ambazo mtu anaweza kutumbukia humo asionekane tena, zimefunikwa na theluji nene iliyo kama daraja.

Wengi wao hupanda wakiwa na skii, yaani vile vibao viwili virefu vinavyofungwa chini ya viatu. Kwa kupandia, chini ya kila kibao hubandikwa utepe wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Ukipapasa mgongo wa mbuzi kuelekea mkiani mkono unateleza. Ukipapasa kuelekea kichwani manyoya yanakataa. Ndivyo utepe huo unavyofanya kazi: kibao kinateleza mbele lakini hakirudi nyuma. Wakifika kileleni huubandua, wakauweka kwenye begi, kisha wakateremka kwa dakika chache njia iliyowachukua saa nyingi kupanda.

Sasa theluji yenyewe.

Fikiria samli ndani ya kopo. Alfajiri ya baridi imeganda, kijiko hakiingii. Jua likipanda juu ya bati inalainika, na kufika mchana imekuwa majimaji. Usiku inaganda tena. Theluji ya machipuko hufanya hivyo kila siku. Usiku uso wake huganda na kuwa mgumu kama ukoko wa wali, na mtu hutembea juu yake bila kuzama. Asubuhi jua huulainisha sentimita chache za juu, na hapo ndipo wanaoteleza hupata raha yao: juu laini, chini imara. Wamarekani huiita theluji ya mahindi kwa sababu imegeuka punjepunje. Lakini hali hiyo haidumu. Jua likiendelea, maji hupenya chini zaidi, punje zinaachana, na mteremko mzima unaweza kushuka kama tope la ukingo wa mto.

Kila upande wa mlima una saa yake. Unaotazama mashariki hulainika kwanza, kisha wa kusini, kisha wa magharibi, na wa kaskazini mwisho. (Tofauti na kwetu karibu na ikweta, jua la adhuhuri huko Ulaya hubaki upande wa kusini mwaka mzima.) Mwongozaji mzuri hupanga safari kwa kuhesabu kurudi nyuma. Kama mteremko wa kushukia unatazama mashariki na utaharibika saa 5 asubuhi, basi lazima wawe wameshatoka hapo mapema zaidi, na kwa hiyo waamke saa 8 au saa 9 usiku. Waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro hawatashangaa kusikia hayo. Wao pia huanza safari ya mwisho ya kwenda kilele cha Uhuru karibu usiku wa manane, na moja ya sababu ni kwamba changarawe iliyoganda kwa baridi hukanyagika vizuri kuliko ile iliyolegea mchana.

Hata hivyo kuamka mapema hakutoshi, na hapa ndipo wageni wengi wa milima hukosea. Wao hutazama kipimo cha joto tu. Wanaona hewa ina nyuzi moja au mbili chini ya sifuri, wanaridhika. Kumbe jambo kubwa ni mawingu.

Wakulima wa viazi wa Makete na Njombe, na wenzao wa Nyandarua nchini Kenya, wanalijua jambo hili kwa hasara. Umande huganda na kuunguza majani usiku ambao mbingu iko wazi na nyota zinaonekana zote. Ukiwa na mawingu, shamba hupona. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na mawingu hulizuia kama blanketi. Theluji nayo ni hivyohivyo. Usiku wa nyota, inaweza kuganda vizuri hata kama hewa ya juu yake iko kidogo juu ya sifuri. Usiku wa mawingu haigandi sawasawa, na mpandaji anayeondoka saa 9 usiku anakanyaga theluji iliyobaki laini tangu jana. Kwa saa yake amewahi, lakini mteremko umeshachelewa.

Hilo ni hatari ya kwanza, na ndiyo inayotabirika zaidi. Iliyoua watu Armancette ilikuwa ya aina nyingine. Pale juu, machipuko hayazuii baridi kurudi. Theluji mpya huanguka Aprili, upepo huisukuma na kuirundika upande mmoja wa mlima, nayo hushikamana ikawa kama bamba kubwa. Bamba hilo likilala juu ya tabaka dhaifu, mfano ubao uliowekwa juu ya sukari iliyomwagika, linangoja uzito tu. Mtu mmoja anatosha. Taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos inasema kwamba katika ajali nyingi zaidi, bamba hukatwa na mhanga mwenyewe au mtu wa kundi lake. Kwa wastani watu wapatao 100 hufa kwa maporomoko barani Ulaya kila mwaka, na wengi wao ni watu waliokwenda milimani kwa starehe.

Anayefukiwa ana muda mdogo sana. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza hupona zaidi ya tisa kati ya kumi, na baada ya hapo idadi hushuka kwa kasi. Helikopta haiwezi kuwahi. Kwa hiyo kila mpandaji hubeba koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na redio ndogo iliyofungwa kifuani. Sisi watu wa redio tunavutiwa na kifaa hicho: hakina sauti ya mtangazaji wala muziki, hutuma mlio mmoja tu kwenye masafa ya kilohezi 457, na wenzako hubadili vyao kuwa vya kupokea ili wakufuate hadi ulipofukiwa. Wanaokuokoa ni wale uliokwenda nao.

Basi, ikiwa haya yote yanajulikana, kwa nini wanaoyajua wanakufa?

Sehemu ya jibu ni kwamba bamba chini ya theluji halionekani kwa macho, na hata mtaalamu hukisia. Hilo lazima tulikubali. Lakini tukiangalia jinsi safari hizi zinavyopangwa, tunaona jambo jingine ambalo halisemwi sana. Njia maarufu kuliko zote, ile ya kutoka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, huchukua takriban wiki moja, mtu akilala kwenye nyumba za mlimani zilizo mbalimbali. Nyumba hizo hujaa, na vitanda huwekwa oda miezi kabla. Mteja ameomba likizo kazini, amenunua tiketi ya ndege, amemlipa mwongozaji. Siku ya tatu mawingu yanashuka. Kukaa siku moja kunamaanisha kitanda cha kesho kimepotea, na labda cha keshokutwa pia. Hakuna anayesema "twende tukafe". Wanasema "tujaribu, tukiona vibaya tutarudi". Na wakati mwingine wanapoona vibaya, nyuma kumeshafungwa na ukungu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo pa kurekebisha. Vifaa vimeboreka, utabiri umeboreka, lakini biashara bado inauza tarehe. Kampuni inayomuuzia mteja kilele cha siku fulani imeahidi kitu ambacho haina mamlaka nacho. Mteja akilipia wiki, na njia ikachaguliwa asubuhi kwa asubuhi, mwongozaji angekuwa na uhuru wa kusema hapana bila kuogopa kurudisha fedha. Baadhi yao hufanya hivyo tayari. Hata Kilimanjaro, mwongozaji anayemrudisha mgeni aliyebakiza saa mbili kufika juu anajua uzito wa lawama atakazopewa, na pengine bahashishi atakayoikosa.

Jambo hili linazidi kuwa gumu kwa sababu mazoea ya zamani hayategemeki tena. Mwongozaji aliyefundishwa na baba yake kwamba mteremko fulani ni salama hadi saa sita mchana anakuta umelegea mapema zaidi. Mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Mwezi Agosti 2023, puto la kupima hewa lililorushwa Uswisi lililazimika kupanda hadi mita 5,298 ndipo likakuta nyuzi sifuri, rekodi ambayo haijawahi kuonekana nchini humo. Kilele cha Mont Blanc kiko mita 4,800 na kidogo. Hiyo ilikuwa kiangazi, si machipuko, lakini barafu inayoyeyuka Agosti ndiyo msingi wa njia ya Aprili inayofuata. Barafu ikipungua, nyufa hubadilika, na ramani ya miaka kumi iliyopita humdanganya mwenye kuitegemea.

Na lipo jambo moja ambalo Afrika inachangia bila kukusudia. Karibu kila mwaka, hasa miezi ya Februari hadi Aprili, pepo huinua vumbi la jangwa la Sahara na kulivusha bahari hadi Ulaya. Machi 2022 theluji ya milima ya Pyrenees na Alps iligeuka rangi ya chungwa, picha zikaenea kwenye simu duniani kote. Theluji safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Ikipakwa vumbi hunyonya joto, kama shati jeusi juani, na huyeyuka mapema kwa siku kadhaa, miaka mingine hata kwa wiki. Vumbi hilo likifunikwa na theluji mpya hubaki kama mstari wa kahawia ndani, kisha hujitokeza tena theluji ya juu ikiyeyuka. Hapo mteremko hulegea saa ambayo hakuna aliyeitarajia.

Gharama za uokoaji nazo huzua ubishi. Ufaransa, kwa kawaida, uokoaji wa milimani hulipiwa na serikali. Uswisi anayeokolewa hulipa mwenyewe au bima yake. Mwaka 2022 meya wa Saint-Gervais, mji ulio chini ya Mont Blanc, alipendekeza kila mpandaji wa njia ya upande wake aweke dhamana ya euro 15,000: elfu 10 za uokoaji na elfu 5 za mazishi. Wengi walimwona ametia chumvi, lakini alikuwa akiwatazama watu wanaopanda huku mawe yakiporomoka kwa joto.

Kwa sasa, chombo kikubwa cha kujilinda bado ni taarifa. Katika msimu wa theluji taasisi ya Davos hutoa taarifa ya hatari saa 11 jioni, na nyingine saa 2 asubuhi, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza, ikitumia viwango vitano kuanzia hatari ndogo hadi kubwa kabisa. Ya asubuhi huwakuta wapandaji wa machipuko wameshaondoka zamani. Wao husoma ya jioni, wakala, wakalala mapema. Saa 9 usiku mwongozaji hutoka nje peke yake, hutazama kama kuna nyota, kisha huchoma theluji kwa fimbo yake. Fimbo ikizama hadi mpinioni, hurudi ndani na kuwaambia wenzake waendelee kulala.